Difu Mbili za Kifaru: Barua kutoka Dorset

Kaka,

Huku wakati wa baridi saa kumi jioni giza linaanza kuingia, na Jumamosi zangu zinaishia gereji kwa jirani. Miaka miwili tulipungiana mikono tu, ndivyo watu wanavyoishi huku. Siku moja nikasikia gia inalia vibaya ng'ambo ya ua, nikashindwa kuvumilia, nikabisha hodi. Nikamkuta mzee mstaafu kapiga magoti mbele ya kifaru.

Ni Tiger la Wajerumani lililopunguzwa mara sita, la chuma na aluminiamu, linaendeshwa kwa rimoti. Sisi wawili hatuliinui. Lile halisi, lililotekwa Tunisia mwaka 1943, lipo hapa hapa Dorset, makumbusho ya Bovington.

Hesabu ya mwendo ilikuwa nyepesi. Gurudumu la meno linalovuta mnyororo lina kipenyo cha sentimita 14. Likizunguka mara moja, kifaru kinasogea sentimita 44. Tunataka kilomita 6 kwa saa, yaani mizunguko 227 kwa dakika. Mota yetu ya volti 24 inazunguka mara 3,000, basi gia ipunguze mara 13.

Kilichotutesa ni kona. Mzee alikuwa amefunga mota mbili, kila mnyororo na yake. Ukitaka kukata kona, unaizuia ya ndani. Lakini minyororo haipindi, inakwangua nyasi kwa ubavu, na mota ya nje inabeba mzigo wote huku mwenzake anamvuta nyuma. Kona ya tatu tukasikia mlio. Nilipofungua kifuniko, grisi ilikuwa inameremeta chembe za chuma, na pinyoni imekatika meno manne, yameng'oka shinani kabisa. Ninayo hapa mezani ninapokuandikia.

Dawa yake ni difu, kaka, ileile unayoifungua kila siku chini ya lori la Fuso. Churchill, kifaru cha Waingereza cha mwaka 1941, kilikuwa na giaboksi ya Merritt-Brown, inayotumia difu: nguvu ya upande wa ndani haifi kwenye breki, inahamia mnyororo wa nje. Tiger nalo lilifuata njia hiyo.

Basi tumechora na kuunda upya. Mota moja ya kwenda, nyingine ya kona tu, na difu kila upande. Mota ya kona ikitulia, minyororo inakwenda sawasawa. Ikizunguka, kinachoongezeka kulia ndicho kinachopungua kushoto. Tumeifunga kwa gia ya parafujo, ambayo mota huizungusha lakini yenyewe haiwezi kuizungusha mota, kwa hiyo mzigo wa njiani hauisogezi. Kwenye mota ya kwenda gia hiyo ingekula nguvu bure. Hapa inafaa hasa.

Sasa nisaidie. Ukifunga difu, meno unayaachia nafasi kiasi gani, na unaipimaje kwa mkono? Za kwetu zinapata moto baada ya dakika kumi. Mzee amesema hafungi kifuniko mpaka jibu lako lifike.

Nisalimie mama na wote nyumbani.

Mdogo wako