Hema la Baba na Mama

Kiswahili kina methali mbili zisizopatana. Moja husema tembea uone. Ya pili husema mtembezi hula miguu yake. Likizo ya Agosti iliyopita methali hizi mbili zilipigana mieleka mtaani kwetu, na uwanja wa mieleka hiyo ulikuwa mlangoni petu. Waliozigonganisha ni wazazi wangu.

Mpenzi msomaji, ni lazima kwanza nikueleze habari za baba. Baba aliendesha lori kwa miaka 22, kutoka Mombasa hadi Malaba, kwenda na kurudi. Barabara hiyo hupita karibu na Ziwa Naivasha, Ziwa Elementaita na Ziwa Nakuru, lakini hakuwahi hata siku moja kushuka kwenda kuyaona. Mzigo ulikuwa wa wenyewe na saa zilikuwa za wenyewe. Mgongo ulipomlazimisha kuacha usukani, alikaa nyumbani mwezi mzima akitazama ukuta. Kisha jioni moja tukila, akamgeukia mama akamwambia, "Mama Watoto, fungate letu tulilikopa. Nataka sasa tulipe deni."

Mama, ambaye hushona sare za shule, alicheka hadi akaweka kijiko chini. Kumbe mwenzake hakuwa anatania.

Tulipiga hesabu ya hoteli tukaona hiyo ni ya kutazamwa kwa macho tu. Baba akaazima mahema mawili kwa kiongozi mmoja wa skauti, na pikapu kuukuu kwa ami. Mimi nilichukuliwa niwe mpishi, mlinzi wa vyombo na mwandishi wa safari. Ndipo majirani wakaanza. Mama mmoja mzee anayeuza mboga karibu nasi alisimama mlangoni akashika kiuno. "Ati mnalipa pesa mkalale kwenye hema? Mimi mwaka wa 2008 nililala hemani miezi saba pale uwanja wa maonyesho Nakuru. Hakuna mtu alinilipisha, na sikuwa nimeomba."

Watu walicheka. Mama hakucheka. Mimi nilidhani ni aibu, lakini sababu yake nilikuja kuijua siku tatu baadaye.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri na mapema, kabla majogoo hayajamaliza kuwika. Tulishika barabara ya chini, ile inayoteremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Kando ya barabara hiyo kuna kanisa dogo sana lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka wa 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walipokuwa wakiijenga barabara yenyewe. Baba alizima injini. "Nimelipita hili mara zisizohesabika," akasema. Waliingia ndani wawili, wakatoka bila kusema neno, na baba akawa ameshika kofia mkononi.

Naivasha tulipiga mahema chini ya migunga kando ya ziwa. Hapo ndipo nilipoona elimu ya baba. Mtu aliyefunga turubai za lori miaka 22 hahitaji kufundishwa kamba. Hema lake lilisimama wima kama askari wa gwaride, na langu likasimama baada ya yeye kulisaidia. Usiku viboko walitoka majini kula nyasi nje ya ua wa nyaya za umeme. Kiboko akitafuna karibu nawe usiku wa manane, ndugu yangu, hata mwili unasahau usingizi ni kitu gani. Katika hema la pili nilisikia mama akinong'ona, "Baba Watoto, umelala?" na baba akijibu, "Nimelala, lakini macho yako wazi."

Jiografia tuliyosoma darasani ilinifuata huko. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka ndani yake, na bado maji yake ni matamu, hayana chumvi. Wataalamu husema maji hayo hupenya chini kwa chini, yakaondoka na chumvi yake. Asubuhi tulienda Hell's Gate, mbuga ya taifa tangu 1984, ambayo ni mojawapo ya mbuga chache ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli katikati ya wanyama. Mama hakuwa amepanda baiskeli tangu alipokuwa msichana. Alianza akipepesuka kama kuku aliyenyeshewa, lakini tulipofika kwenye lile jabali refu liitwalo Fischer's Tower alikuwa ametuacha nyuma, leso inapepea, na punda milia wanampisha. Mbele yetu mvuke wa Olkaria ulikuwa ukipanda angani. Mvuke huo wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Baba alisema, "Kumbe taa za nyumbani zinatoka hapa, na mimi nimekuwa nikipita hapo juu nikitukana matuta."

Siku ya pili tulipita Elementaita, ziwa dogo la magadi ambalo mwari weupe huja kuzaliana. Ziwa hili pamoja na Nakuru na Bogoria yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011. Kisha tukaingia Mbuga ya Ziwa Nakuru. Hapa hakuna baiskeli wala kutembea, kwa maana kuna vifaru, nyati na simba. Tulikaribishwa na nyani aliyetwaa mkate wetu wote juu ya pikapu. Baba akasema, "Hata huku kuna ushuru."

Lakini kicheko kilitukauka tulipofika ufuoni. Migunga mingi ilikuwa imesimama ndani ya maji, imekufa, meupe kama mifupa. Tangu mwaka wa 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na mwaka wa 2020 yalipanda kupita kiasi. Hapo Nakuru maji yalimeza lango kuu la zamani, na mtaa wa Kihoto kule Naivasha nao ukafurika mwaka huo wa 2020. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo, walipungua sana Nakuru. Ndege hawa hula mwani unaomea katika maji ya magadi, na rangi yao hutokana na chakula hicho. Maji ya mvua yakizidi, magadi yanazimuliwa, mwani unapungua, na ndege wanahama.

Nilikuwa nikiandika hayo yote katika daftari langu nilipoona mama amesimama kando ya pikapu, mkono mdomoni, akiitazama ile miti iliyokufa. Baba alimwendea. Nilisikia akimwambia, "Tukitaka kurudi, turudi." Mama akatikisa kichwa. "Hapana. Tumefika mbali."

Siku ya tatu tulivuka Ikweta pale Mogotio, tukapita Marigat, tukaenda Bogoria. Huko maji huchemka yenyewe kutoka ardhini. Mama alitia mayai ndani ya mfuko wa wavu, akayatumbukiza katika chemchemi, na muda mfupi baadaye tulikuwa tukiyamenya. Heroe walikuwa kule ng'ambo ya maji, wengi hata ufuo ukaonekana umetandikwa shuka la waridi. Lakini baadhi ya chemchemi zenyewe zimefunikwa na ziwa, kwa kuwa Bogoria nalo limepanda.

Alasiri tukafika Kampi ya Samaki, kwenye Ziwa Baringo. Na hapa, msomaji, ndipo safari ilipoacha kuwa ya kutalii.

Mama yangu amezaliwa Baringo. Nilikuwa nikijua hivyo kama mtu anavyojua jina la mji mkuu wa nchi fulani. Tangu mwaka wa 2020 hakuwa amekwenda kwao, na tulipomuuliza alijibu kwa mkato, "Kwetu kulikufa maji." Tuliacha kumuuliza. Sasa alisimama ufuoni, akanyoosha kidole katikati ya ziwa, akasema, "Nyumbani ni pale."

Sikuona nyumba. Niliona maji tu.

Baba alikodi mashua ya injini. Tulipita juu ya vilele vya miti, tukapita nguzo za ua zilizochungulia, tukapita ukuta uliobaki nusu. Nahodha alituambia kwamba huko chini kuna nyumba, mashamba na hoteli. Akatuonya pia tusitie mikono majini, kwa sababu ya mamba. Mama alikuwa akiangalia kilima cha upande mmoja na kisiwa cha upande wa pili, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akasema, "Zima, tafadhali." Nahodha akazima injini.

Kulikuwa na tawi moja kavu la mgunga juu ya maji. Chini ya mti huo ndipo babu alipozikwa, nami nilikuwa mdogo sana wakati huo. Mama hakupiga mayowe. Alizungumza kwa lugha ya kwao, polepole, kama mtu anayeongea na mzazi aliye chumba cha pili. Maneno machache niliyoyashika yalikuwa ya kututaja, mimi na baba. Baba alivua kofia. Ndege mmoja alikuwa ametua kwenye lile tawi na hakuondoka muda wote.

Tulipofika kwa nyanya, kule kwenye kilima, jua lilikuwa linatua. Nyanya anaishi sasa katika nyumba ya mabati ya chumba kimoja. Kabla ya kuipata alikaa mwaka mmoja na zaidi katika hema jeupe la msaada, yeye na mbuzi wake wanne. Baba, kwa heshima, hakutaka kumbana mama mkwe wake. Akaanza kupiga hema uani. Nyanya akatoka na fimbo.

"Hiyo nyumba ya kitambaa ni ya nini?"

"Ni ya kulala, mama. Sisi tumezoea sasa."

"Mimi ndiye nilizoea," nyanya akasema. "Mvua ilinizoea, upepo ukanizoea, nyoka pia. Toa hiyo kitu. Hakuna mtoto wangu atalala tena ndani ya hema na mimi niko hai."

Baba hakubishana. Alifungua kamba moja baada ya nyingine katika giza, akakunja hema, akalitia ndani ya pikapu. Usiku huo tulilala watu wanne katika chumba kimoja, mimi na wazazi wangu sakafuni, kichwa cha huyu karibu na miguu ya yule. Nyanya na mama waliongea hadi jogoo wa kwanza. Asubuhi nyanya aliomba kitu kimoja tu, turubai tulilokuwa tukitandika chini ya mahema, ili afunike mahindi yake. Baba alimwachia.

Nimefikiri sana juu ya usiku huo. Hema letu na hema la nyanya vilikuwa karibu sawa: kitambaa, kamba na vigingi. Tofauti yake ni kwamba sisi tulikuwa na ufunguo wa nyumba mfukoni. Mtu mwenye nyumba akilala hemani husema yuko likizoni. Asiye na nyumba akilala humo humo huitwa mhasiriwa, na baada ya mwezi mmoja magazeti humsahau. Yule mama wa mboga hakuwa na wivu. Alikuwa akisema kweli anayoijua.

Kwa nini maziwa yanapanda? Wataalamu wengi hutaja mvua nyingi kupita kawaida. Wanataja pia misitu iliyofyekwa milimani, hata mito ikabeba udongo na kuumwaga ziwani. Wengine huongeza kwamba ardhi yenyewe ya Bonde la Ufa husogea chini kwa chini. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, siwezi kuamua kesi hiyo. Ila najua kwamba msitu ukikatwa juu mlimani, anayelipa gharama ni mtu wa chini ziwani ambaye hakuuza hata gogo moja. Nanyi wenzangu mnaopenda kusema Jiografia ni somo la kukariri, nendeni Kampi ya Samaki mkaone somo lenyewe likiwa limemeza boma la watu.

Kuhusu fungate, baba anasema deni limelipwa nusu. Nusu iliyobaki wataenda Agosti ijayo, na safari hii wanabeba mabati kumi ya kumwongezea nyanya chumba cha pili. Mahema yalirudishwa kwa mwenyewe yakiwa yamefuliwa na kuanikwa. Mama naye amerudi kwenye cherehani yake, lakini kuna jambo moja limebadilika. Wateja wakimuuliza kwao ni wapi, hasemi tena kwamba kwao kulikufa maji. Anasimamisha gurudumu kwa kiganja, anataja jina la kijiji, anataja jina la babu, kisha anaendelea kushona.