Kutoka Gray's Inn Road hadi Fairfax: Bendi Inapotafuta Mpigaji Mpya

Safari hii niliianzia King's Cross, London, kwa kuwa ndiko muziki wenyewe ulikoanzia. Ukitoka kituo cha treni ukashika barabara ya Gray's Inn, hutembei sana kabla ya kuifikia baa ya Water Rats. Oktoba 1982, ilipokuwa bado inaitwa Pindar of Wakefield, vijana waliojiita Pogue Mahone walipanda jukwaa lake kwa mara ya kwanza na kuzipiga nyimbo za Kiairishi kwa kasi na ghadhabu ya panki. Baadaye walijulikana kama The Pogues, na bendi nyingi za panki ya Kikelti zimefuata njia waliyoifyeka. Nilikwenda huko nikiwa na swali moja, na swali hilo likanivusha hadi Dublin, Boston na Los Angeles: bendi ya aina hii ikipungukiwa mtu, imtafute nani? Mazoea ni kutaja chombo kwanza: anatakiwa mpiga fidla, anatakiwa mpiga zumari, awe hodari. Wapenzi wa muziki nao huongeza sharti la nasaba, kwamba mwenye damu ya Ireland au Uskoti ndiye atakayeupatia. Nionavyo mimi, mpangilio huo umekaa kichwa chini. Kwanza atafutwe mtu anayeweza kuishi na wenzake barabarani na aliye tayari kujifunza, chombo kifuate, nasaba ije mwisho, kama ni lazima ije.

Ushahidi wa kwanza uko palepale London. James Fearnley alikuwa mpiga gitaa kutoka upande wa Manchester, na alishawahi kupiga pamoja na Shane MacGowan katika bendi ya Nips. The Pogues walipomhitaji, walimkabidhi kodiani, chombo ambacho wapenzi wa taarab ya Unguja wanakijua vizuri, naye akajifunza akiwa ndani ya bendi. Spider Stacy alishika filimbi ya bati, bomba jembamba lenye matundu sita ambalo mtoto anaweza kulinunua kwa pesa yake ya matumizi. Cait O'Riordan alipoondoka mwaka 1986, gitaa la besi lilikwenda kwa Darryl Hunt, mtu ambaye tayari alikuwa akifanya kazi nao ziarani. Katika uteuzi huo, ujuzi wa chombo haukuwa kigezo cha kwanza. Walitazama nani anawajua, nani anawavumilia, na nani atakubali kuanza upya na chombo kigeni mbele ya watu. Albamu zao za mwaka 1984 na 1985, ambazo hadi leo ndizo kipimo cha muziki huu, zilitoka mikononi mwa watu wa namna hiyo.

Nilipovuka kwenda Dublin nilikutana na pingamizi zito zaidi. Katika mtaa wa Henrietta, nyumba namba 15, ndipo yalipo makao ya Na Píobairí Uilleann, chama cha wapiga zumari ya Kiairishi kilichoanzishwa mwaka 1968. Zumari hiyo hupigwa mtu akiwa ameketi. Kiwiko kimoja kinakandamiza mivukuto ya kupeleka hewa, kiwiko kingine kinabana kiriba, vidole vinacheza juu ya bomba lililosimamishwa pajani, na kiganja kinabonyeza funguo za sauti za kusindikiza. Wenyewe husema inahitaji miaka 7 ya kujifunza, 7 ya mazoezi na 7 ya kupiga ndipo mtu aitwe mpigaji, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Basi mlinzi wa mapokeo ana haki ya kuuliza: utamfundishaje mtu mambo haya huku gari la bendi linanguruma nje? Jibu langu ni kwamba vyombo havilingani. Filimbi ya bati husamehe anayeanza. Zumari haisamehe, na anayeihitaji hana budi kumtafuta aliyekwisha kuiva. Ila hata hapo tabia ndiyo inayoamua. Zumari ya Uskoti, ambayo bendi nyingi za panki huipenda, ina noti 9 tu, hulia karibu na B flati, na sauti yake haipunguzwi. Mpigaji aliyelelewa katika gwaride, akizungukwa na zumari zenzake, atasimama peke yake kati ya magitaa ya umeme, huku wapiga gitaa wakirekebisha nyuzi zao kwa ajili yake. Mwenye kiburi hapawezi hapo, awe hodari kiasi gani. Terry Woods, mkongwe wa bendi za Sweeney's Men na Steeleye Span, alidumu na The Pogues kwa kuwa alikubali kuuweka ujuzi wake ndani ya vurugu yao.

Pingamizi la pili ni la damu, na kwa kuwa husemwa damu ni nzito kuliko maji, lina nguvu mioyoni mwa watu. Lakini historia ya muziki huu inalikana. MacGowan mwenyewe alizaliwa Kent, Uingereza, kwa wazazi wa Kiairishi. Fearnley, Stacy na mpiga banjo Jem Finer ni Waingereza. Mkusanyo mkubwa wa tuni za Ireland, wenye tuni 1,850, ulichapishwa mwaka 1903 na Francis O'Neill, mhamiaji aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago. Njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni. Waliosafiri walibeba nyimbo zao, na nyimbo zikapata wenyeji wapya. Hata hivyo pingamizi hili lina kiini cha kweli. Anayeimba juu ya njaa, meli na kazi za sulubu bila kujua anachokiimba huudhalilisha wimbo. Dawa yake ni kumfundisha mgeni historia hiyo, na historia hujifunzwa na yeyote mwenye nia.

Boston ilinipa jibu la pingamizi gumu kuliko yote: kwamba mpigaji hubadilishwa, ila mwimbaji akiondoka bendi imekufa. Nilipanda treni hadi Quincy, kusini ya jiji, ambako Dropkick Murphys walianza mwaka 1996 wakifanyia mazoezi chini ya duka la kinyozi. Mwimbaji wao Mike McColgan aliondoka mwaka 1998 na kwenda kuwa mzimamoto. Nafasi yake ilichukuliwa na Al Barr kutoka bendi ya Bruisers, na albamu ya mwaka uliofuata ikasimama imara. Mwaka 2008 Marc Orrell, mpiga gitaa na kodiani, naye aliondoka. Bendi haikukimbilia nje kutafuta mfano wake. Tim Brennan, aliyekuwa tayari ndani, alisogea mahali pake, ndipo Jeff DaRosa akaletwa kujaza pengo lililobaki. Linganisha na The Pogues walipomfukuza MacGowan mwaka 1991. Joe Strummer aliwasaidia, mtu waliyemjua kwa sababu alishawahi kumshikia nafasi mwenzao Philip Chevron alipougua. Kisha Stacy akaimba hadi bendi ilipovunjika mwaka 1996. Tofauti ni kwamba MacGowan aliondoka na kalamu. Kule Quincy, aliyeshika usukani wa Dropkick Murphys, Ken Casey, alibaki. Kwa hiyo kabla ya kutangaza nafasi, bendi ijiulize ni kitu gani hasa kimeondoka: sauti, mkono au fikra.

Nilimalizia Los Angeles, kwenye barabara ya Fairfax, ilipo baa ya Molly Malone's iliyowapa Flogging Molly jina. Dave King wa Dublin alikuwa mwimbaji wa roki nzito katika bendi ya Fastway kabla ya kuungana na mpiga fidla Bridget Regan. Kodiani ilishikwa na Matt Hensley, ambaye dunia ilimjua kwanza kama bingwa wa ubao wa magurudumu. Walipiga baa hiyo wiki baada ya wiki hadi muziki ukakomaa, na albamu yao ya kwanza ya studio, *Swagger*, ikatoka mwaka 2000. Mwandishi wa tangazo la kawaida asingemwita Hensley hata kwenye usaili.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mpigaji mpya huiponya bendi inayompokea kwa haki. Kwa hiyo nawasihi wanaotafuta: waambieni waombaji ukweli kuhusu malipo, siku za ziara na idadi ya nyimbo za kujifunza. Wapeni maonyesho machache ya majaribio badala ya dakika kumi za kuonyesha vidole. Muulizeni kila mmoja amejifunza nini mwaka huu ambacho mwaka jana hakukijua. Atakayekuwa na jibu zuri, mpeni chombo.