Namba Iliyodhaniwa Tasa

Chukua punje moja ya mahindi. Iongeze maradufu, zipate kuwa mbili, kisha nne, kisha nane. Fanya hivyo mara 67, halafu toa punje moja. Zitabaki 147,573,952,589,676,412,927. Ghala la kuzitia hakuna. Lakini sisi wachache tunaopenda hesabu katikati ya masomo ya falsafa hatukuvutwa na ukubwa huo. Tulitaka kujua kama namba hii ni tasa, yaani haigawanyiki kwa namba nyingine ila 1 na yenyewe.

Padre Marin Mersenne, Mfaransa wa shirika la Waminimi, aliandika mwaka 1644 kwamba ni tasa. Alikuwa mtu wa kuandikiana barua na wataalamu wa Ulaya nzima, Descartes akiwa mmoja wao, na neno lake lilidumu zaidi ya miaka 200. Jambo lenyewe halikuwa mchezo. Tangu Euklide inajulikana kwamba kila namba tasa ya aina hii huzaa namba kamilifu (tasa inayozaa, ndiyo), ile iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Mtakatifu Augustino, katika Mji wa Mungu, anaufungamanisha ukamilifu huo wa 6 na siku sita za uumbaji.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akaonyesha kwamba namba yetu si tasa. Hapo ndipo tulipobishana hadi kengele ya masifu ya jioni, kwa maana Lucas hakutaja kigawo hata kimoja. Alikuwa na kipimo tu: namba tasa hufaulu, isiyo tasa hushindwa, nayo ilishindwa. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba huko si kujua. Ni kama kuambiwa una ndugu, usiambiwe jina wala kijiji chake. Sisi wengine tuliona Lucas alijua kweli, maana kuwa na ndugu ni habari kamili hata kabla hujamwona. Ila hamu ya kumwona tulikuwa nayo wote.

Aliyemleta ni profesa Mmarekani, Frank Nelson Cole, katika mkutano wa wanahisabati huko New York, tarehe 31 Oktoba 1903. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, akarudi kuketi huku ukumbi ukipiga makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu. (Kama huko ni kuivunja Jumapili au kuitakatifuza, bado hatujakubaliana.)

Hakutafuta gizani kabisa. Kigawo chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 134, lazima kibakize 1. Tulijaribu: 193,707,720 kwa 134 ni 1,445,580, hakuna kinachobaki. Kisha tukazidisha zile mbili kwa kalamu, kati ya chakula cha mchana na kazi za mikono. Muda ulitosha, na tarakimu zote 21 zilitoka.