Waya wa Mwezi wa Nane

Mtoto wa Bonde la Kilombero huanza kuhesabu kabla hajafika shule. Kuku wa bibi yake wakipungua hata mmoja, anajua. Mpunga ukipimwa kwa debe, anasikia na kushika idadi. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la kwanza hana haja ya kumtia mtoto hesabu kichwani. Kazi yake ni kumwonyesha namna ya kuiweka wazi hesabu aliyo nayo tayari. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka 35, mingi kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu katika vijiji vinavyoizunguka Ifakara, na imani hii haijanitoka.

Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza mwaka 1977, madarasa yalijaa lakini vifaa havikuongezeka kwa kiasi hicho. Tulihesabu kwa vijiti, kokwa za maembe na vizibo vya soda. Chuoni tulikuwa tumefundishwa takwimu kwa picha, na mifano yake ilikuwa matunda ambayo watoto wetu hawajapata kuyaonja. Nikaona heri tuhesabu kitu kisicho na gharama na ambacho kila mtoto anakijua, yaani mvua.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilipigilia misumari 12 ukutani, msumari mmoja kwa kila mwezi, na kwenye kila msumari nikaning'iniza waya uliokunjwa ncha ya chini. Siku mvua iliponyesha, mtoto wa zamu alitunga kizibo kimoja. Vizibo vikapandana kutoka chini kwenda juu. Kwetu mvua huanza Novemba au Desemba, huzidi Machi na Aprili, kisha hukatika kuelekea Juni. Watoto waliyaona hayo yote ukutani. Bila chaki, grafu ya mihimili ikawa imejichora yenyewe.

Mwaka ule mwezi wa nane haukupata hata kizibo kimoja. Mtoto mmoja akataka tuushushe ule waya, kwa kuwa hauna kitu. Wenzake walibishana naye, na mwisho tukakubaliana ubaki, maana waya mtupu nao ulikuwa na habari yake: tulihesabu, tukakuta hakuna. Nimewaona wanafunzi wa darasa la saba wanaoiandika sifuri kwa mwandiko mzuri pasipo kuielewa. Wale wadogo waliielewa pale.

Wakati wa mavuno kila mtoto alileta punje moja ya mpunga au gunzi moja la mahindi, kulingana na zao lililovunwa zaidi kwao. Tulipopanga mistari miwili sakafuni, magunzi machache yakawa mstari mrefu kuliko punje nyingi. Watoto wakapiga kelele kwamba mahindi yameshinda. Ndipo tukachora vyumba vya ukubwa mmoja, kila chumba kitu kimoja, na mpunga ukapata haki yake. Mtu mzima ambaye hakupitia somo hilo hudanganywa na michoro ya magazetini hadi leo.

Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwaweka watu pamoja, huku mashamba ya mpunga yakibaki mbali bondeni. Kila msimu familia nyingi zilihamia madunguni kulima, kupalilia na kuamia ndege, na watoto walikwenda nao. Waliporudi walikaa nyuma ya darasa, kimya, kama wageni.

Nikaanza kumpa kila aendaye dunguni kamba ya katani. Mvua ikinyesha, afunge fundo. Mwezi ukiandama, afunge kitambaa. Waliporudi tuliziweka kamba zao kando ya nyaya zetu, tukakuta mafundo hayalingani na vizibo. Darasa likauliza nani amekosea. Tulipozungumza ikaonekana kwamba hakuna aliyekosea, kwani mvua inaweza kunyesha bondeni na kijijini pakawa pakavu. Mtoto aliyerudi na aibu ya kuwa mtoro akawa ndiye peke yake mwenye habari ambayo darasa zima halikuwa nayo. Niliwaona wakinyoosha mikono siku ile.

Katika mkutano wa wazazi nilipanga vijiti vya mahudhurio chini ya nyaya zile, kijiti kimoja kwa watoto kumi. Vizibo vilipopanda, vijiti vilipungua. Sikuhutubia. Mzee mmoja alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe hawa ni sisi." Baada ya hapo baadhi ya familia ziliwaacha wadogo kwa bibi zao kijijini. Wengine hawakuweza, na siwalaumu, kwa sababu mpunga ndio uliolipa sare na madaftari.

Mambo mengi yamebadilika. Sasa tunavuka Mto Kilombero kwa daraja badala ya pantoni, na mtaala wa mwaka 2015 uliweka mkazo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya mwanzo. Hayo ni mema. Ila mwalimu kijana anayesoma kurasa hizi ningependa akumbuke kwamba msimu haumsubiri mtoto amalize sura ya kitabu. Ukimfundisha kuhesabu kile kinachomwita nje ya darasa, hata akiitwa na kwenda, atakuwa bado anajifunza.