Kijiji kilichokatazwa salamu

JE, msomaji mpenzi, umewahi kuishi na jirani ambaye mlango wake unatazamana na wako, moshi wa jikoni mwake unauona kila jioni, lakini ni marufuku kumjulia hali? Usidhani hayo ni mambo ya hadithi za paukwa pakawa. Yalitokea katika kijiji kimoja kidogo nchini Ujerumani, tena yakadumu kwa karibu miaka 40.

Kijiji hicho huitwa Mödlareuth. Kiko mashambani, kati ya miji ya Munich na Berlin, si mbali sana na mji wa Hof. Wakazi wake ni kama 50 tu, yaani hata basi moja hawalijazi. Ukifika huko utaona nyumba za wakulima, ghala za nafaka, malisho, na kijito kiitwacho Tannbach kikipita katikati. Kijito chenyewe ni chembamba mno. Kijana mwenye miguu mizuri hukiruka bila ya kulowa.

Naam, kijito hicho ndicho chanzo cha kisa chote.

Mpaka usiouma

Mnamo 1810 mawe ya mpaka yalisimikwa kukifuata kijito hicho. Upande mmoja ulikuwa wa Ufalme wa Bavaria na wa pili ulikuwa wa watawala wa Reuss, eneo ambalo baadaye liliingizwa katika jimbo la Thuringia. Mpaka huo haukumkera mtu. Shule na baa ya kijiji zilikuwa upande wa Thuringia. Jumapili ilipofika, watu wa pande zote mbili walikwenda kusali katika kanisa la Töpen, upande wa Bavaria. Mtu alivuka mpaka mara kadha kwa siku na wala hakujiona msafiri.

Lakini wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipomalizika mwaka 1945, washindi waligawana Ujerumani. Bavaria ikawa chini ya Wamarekani, Thuringia ikatwaliwa na Wasovieti. Mwaka 1949 zikazaliwa nchi mbili, Ujerumani Magharibi na Ujerumani Mashariki, na ule mstari wa mawe ukawa mpaka baina ya kambi mbili kubwa za dunia. Mödlareuth ikajikuta mguu mmoja huku, mguu mwingine kule.

Ukuta wajengwa

Mambo yaliharibika hasa Mei 1952. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilifunga mpaka wote. Watu waliokaa karibu nao na ambao hawakuaminiwa walihamishwa kwa nguvu. Operesheni hiyo ilipewa jina la siri ambalo maana yake ni wadudu waharibifu! Hebu fikiri, mkulima aliyezaliwa pale na babake akazaliwa pale, leo anaitwa mdudu.

Kijijini Mödlareuth ulijengwa kwanza ua wa mbao uliopita kimo cha mtu. Mwaka 1966 ukaja ukuta wa zege, wenye urefu wa mita 700 hivi na kimo cha zaidi ya mita tatu. Wanajeshi wa Marekani wakakibandika kijiji jina la Berlin Ndogo. Februari 1983 George Bush, wakati huo akiwa makamu wa rais wa Marekani, alifika kujionea mwenyewe.

Watalii nao walikuja kwa mabasi upande wa magharibi kuutazama ukuta. Upande huo mtu aliweza kupunga mkono apendavyo. Upande wa mashariki kuujibu mkono huo ilikuwa marufuku. Walinzi walikuwa juu ya mnara, macho kodo. Jamaa wa mbali hawakuweza kuzuru bila ya kibali maalumu. Hivyo ndugu aliweza kumwona nduguye ng'ambo, akageuza uso kama asiyemjua.

Siku ya kuvuka

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 9, 1989. Huku kijijini walingoja mwezi mzima, kwani njia ya watembeao kwa miguu ilifunguliwa Desemba 9. Juni 17, 1990 tingatinga likaanza kuubomoa ukuta, na Oktoba 3 mwaka huo huo Ujerumani ikaungana tena.

Hata hivyo, wanakijiji hawakuubomoa wote. Kipande cha mita kama 100 kiliachwa pamoja na mnara wa walinzi, na leo ni sehemu ya jumba la makumbusho. Ukienda utaugusa ukuta huo kwa mkono wako.

La kushangaza ni kwamba kijiji bado kiko katika majimbo mawili. Kina mameya wawili, na hata nambari za magari na za posta ni tofauti. Upande wa Bavaria watu husalimiana kwa kusema "Grüß Gott", na upande wa Thuringia husema "Guten Tag". Mpaka wa 1810 ungalipo, ila umerudi kuwa vile ulivyokuwa zamani: mtu akisalimia huku, kule anajibiwa.

Nawe msomaji unayekaa katika fleti za jiji, unayemjua jirani yako kwa nambari ya mlango tu, kumbuka wanakijiji wa Mödlareuth. Wao walinyimwa salamu kwa mtutu wa bunduki. Wewe nani amekuzuia? Leo jioni ukikutana naye ngazini, mjulie hali.