Houten: Mji Ambao Motokaa Ni Mgeni

Katika nchi ya Uholanzi, kusini-mashariki mwa mji mkubwa wa Utrecht, uko mji mdogo uitwao Houten. Kutoka Utrecht ni mwendo wa kama dakika kumi kwa treni, na wakazi wake wengi huondoka asubuhi kwenda kufanya kazi kwingine, kisha hurudi jioni. Mji huo hauna jumba la kifalme wala bandari ya kusifika. Hata hivyo wahandisi wa barabara na madiwani kutoka nchi nyingi hufunga safari kwenda huko ili watazame jambo moja tu, yaani jinsi watu wa Houten wanavyopanda baiskeli bila hofu.

Mgeni ashukapo kwenye stesheni huona baiskeli kabla hajaona motokaa. Chini ya reli limejengwa banda kubwa lenye nafasi za baiskeli zaidi ya 3,000. Mtu huingia humo na baiskeli yake, huifunga, hupanda ngazi, na mara hiyo yuko penye treni. Nje ya stesheni, mlio wa kengele husikika zaidi kuliko honi. Huyu ni mama aliyempakia mtoto mmoja mbele na mwingine nyuma. Yule ni mzee anayetoka dukani na kikapu chake. Na wale ni wanafunzi waendao wawili wawili huku wakizungumza. Ni wachache waliovaa kofia ngumu, kwa maana sheria ya Uholanzi haiwalazimishi wapanda baiskeli za kawaida kuzivaa.

KIJIJI KILICHOGEUKA MJI

Hadi miaka ya 1960 Houten kilikuwa kijiji cha watu elfu chache tu, chenye kanisa, mashamba na miti ya matunda. Utrecht ulipokuwa ukijaa watu, Serikali ilitafuta mahali pa kujenga nyumba mpya, na Houten ukachaguliwa. Leo eneo lake lina watu wapatao 50,000.

Miji mingine iliyokua kwa haraka katika siku hizo ilipasua barabara pana katikati ili motokaa zipite. Bw. Robert Derks, aliyeuchorea Houten ramani yake, alifuata njia nyingine. Barabara kubwa ya motokaa, iitwayo Rondweg, aliizungusha nje ya mji kama ua uzungukavyo boma. Kila mtaa ukapewa mlango wake kutoka katika barabara hiyo. Mwenye motokaa akitaka kwenda mtaa wa jirani hawezi kupenya katikati. Sharti atoke mpaka Rondweg, azunguke, ndipo aingie kwa mlango mwingine. Mwenye baiskeli hana haja ya kuzunguka. Yeye hukata moja kwa moja kutoka mtaa hata mtaa, akifuata njia iliyopita katikati ya mji, na kandokando ya njia hiyo ndipo zilipowekwa shule nyingi na maduka. Mahali njia ya baiskeli ikutanapo na Rondweg, mara nyingi hupita chini yake, hata mtoto aweza kuvuka bila kuliona gurudumu la lori.

Mji ulipopanuliwa tena upande wa kusini, mpango ulikuwa ule ule, na barabara ya mzunguko sasa imefanana na tarakimu ya 8.

Yafaa ifahamike kwamba motokaa hazikukatazwa katika Houten. Familia nyingi wanazo, na kila nyumba yaweza kufikiwa kwa motokaa. Lakini kwa safari ya kwenda dukani au shuleni, mwenye baiskeli hufika kwanza, naye mwenye motokaa hulijua jambo hilo. Katika barabara za mitaani mwendo wa motokaa hauruhusiwi kupita kilomita 30 kwa saa. Ziko pia barabara zilizotiwa lami nyekundu, ambamo motokaa na baiskeli hupita pamoja, na kibao chake chasema kwamba hiyo ni barabara ya baiskeli, na motokaa ni mgeni. Dereva aingiaye humo hufuata nyuma ya baiskeli kwa utulivu, kama mtu apitaye katika ua wa wenyewe.

Chama cha wapanda baiskeli cha Uholanzi kiliutangaza Houten kuwa mji bora wa baiskeli katika mwaka 2008, na mara nyingine katika mwaka 2018.

MSIBA ULIOTANGULIA

Wako wadhanio kwamba Waholanzi walizaliwa na desturi hii na kwamba mataifa mengine hayawezi kuipata. Sivyo. Ni kweli kwamba babu zao walipanda baiskeli, lakini baada ya vita vya mwaka 1945 nchi ilipata mali, watu wakanunua motokaa, na njia za baiskeli nyingi zikaondolewa ili kuzipisha. Matokeo yake yalikuwa machungu. Katika mwaka 1972 peke yake watu 3,264 walikufa barabarani katika nchi hiyo ndogo. Watoto waliokufa katika miaka hiyo walihesabiwa kwa mamia kila mwaka, na wengi wao waligongwa wakienda shuleni au wakicheza karibu na kwao.

Mwandishi wa magazeti, Bw. Vic Langenhoff, alikuwa miongoni mwa wazazi waliofiwa na mtoto kwa njia hiyo. Katika mwaka 1972 aliandika katika gazeti la De Tijd makala kali yenye kichwa kilichodai mauaji ya watoto yakomeshwe. Wazazi wengine wakayachukua maneno hayo kuwa jina la chama chao. Walizifunga barabara kwa miili yao, wakawaendea wabunge, wakadai njia zilizo salama. Kabla mambo hayajatulia ikaja shida ya mafuta ya mwaka 1973. Kuanzia tarehe 4 Novemba mwaka huo Serikali ilipiga marufuku motokaa za watu binafsi siku za Jumapili kwa muda, na watu wakatembea na kupanda baiskeli katika barabara kuu zilizokuwa tupu. Wengi wakaona kwa macho yao jinsi nchi iwezavyo kuwa.

Katika mwaka 1976 ikatolewa sheria iliyoruhusu mitaa ya makazi kutengwa kwa namna ya pekee. Katika mitaa hiyo waendao kwa miguu waweza kuitumia barabara yote, watoto waweza kucheza, na motokaa sharti iende polepole kama mtu atembeaye. Houten ulijengwa katika miaka hiyo hiyo, na ndiyo sababu majonzi ya wazazi wale yamesalia katika ramani yake hata leo.

ANAYELIPA NI NANI?

Ramani nzuri hupunguza ajali, lakini haizimalizi. Ajali ikitokea, husimama swali la haki, na katika jambo hili sheria ya Uholanzi ina mafundisho makubwa.

Sheria ya Barabara ya mwaka 1994, katika kifungu cha 185, yasema kwamba motokaa ikimwumiza mtu aendaye kwa miguu au kwa baiskeli, mwenye motokaa ndiye alipaye hasara, isipokuwa athibitishe kwamba ajali ilitokana na jambo lililomzidi nguvu kabisa. Kuthibitisha hivyo ni kazi ngumu. Haitoshi dereva kusema, "Alitokea ghafula," kwa maana hutazamiwa kukumbuka wakati wote kwamba watu wengine barabarani hukosea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliifafanua kanuni hiyo zaidi. Mtoto aliye chini ya miaka 14 hulipwa hasara yake yote, hata kama kosa ni lake, maadamu hakulifanya kwa makusudi au kwa ujinga mkubwa unaokaribia makusudi. Aliye na miaka 14 au zaidi hulipwa si chini ya nusu, kwa sharti lilo hilo. Na kosa la dereva likiwa kubwa zaidi, fidia huongezeka.

Je, hii si dhuluma kwa dereva? Waholanzi hujibu hivi. Motokaa ina uzito wa kilo elfu moja na zaidi, na mpanda baiskeli hana ngao ila ngozi yake. Wakigongana, mmoja huhesabu mikwaruzo ya rangi na mwingine huhesabu mifupa. Basi yeye aliyeileta hatari barabarani ndiye astahiliye kuubeba mzigo wake. Tena kila motokaa yalazimishwa kuwa na bima, kwa hiyo kwa kawaida anayelipa ni kampuni ya bima, wala si dereva kutoka mfukoni mwake. Hili nalo lisichanganywe na mambo ya jinai: dereva hafungwi kwa sababu ya kifungu hicho. Kosa lake sharti lithibitishwe mbele ya hakimu kama kosa jingine lolote. Na baiskeli mbili zikigongana, kanuni hiyo haitumiki. Hapo hutazamwa nani aliyekosa.

Haki ya baiskeli haikupatikana yote kwa siku moja. Katika Uholanzi vyombo hupita upande wa kulia wa barabara, na penye njia panda isiyo na kibao, atokaye kulia hupishwa. Lakini kwa miaka mingi heshima hiyo ilikuwa ya vyombo vya mota tu. Mwenye baiskeli, hata akitoka kulia, ilimpasa kusimama na kuipisha motokaa. Kanuni hiyo ilibadilishwa tarehe 1 Mei 2001, na tangu siku hiyo motokaa yampisha mwenye baiskeli atokaye kulia kama impishavyo mwenzake.

WAJIBU WA MPANDA BAISKELI

Asidhani msomaji kwamba katika nchi hiyo mpanda baiskeli hufanya apendavyo. Sharti baiskeli iwe na kengele. Usiku, au kukiwa na ukungu, sharti iwe na taa nyeupe au ya manjano mbele na taa nyekundu nyuma. Tena iwe na kipande chekundu nyuma kirudishacho mwanga, vya manjano kwenye pedeli, na alama kama hizo kwenye magurudumu. Anayepinda huonyesha kwa mkono. Watu wawili waweza kwenda sambamba, lakini watatu hawaruhusiwi. Palipo na kibao cha buluu cha mviringo chenye picha ya baiskeli, ni lazima kuifuata njia ya baiskeli wala si barabara kuu. Tangu tarehe 1 Julai 2019 ni kosa kushika simu mkononi huku mtu akiendesha baiskeli, na aliyelewa aweza kushtakiwa kama dereva aliyelewa. Polisi hutoza faini kwa makosa hayo.

Zaidi ya hayo, mafunzo huanza mapema. Watoto wa shule za msingi, wafikapo umri wa miaka kama 11 au 12, hufanya mtihani wa kanuni za barabara kwa maandishi, na wengi hufanya mwingine wakiwa juu ya baiskeli zao barabarani, huku wakubwa wamesimama kwenye njia panda wakiandika alama. Mtoto akifaulu hupata cheti. Akiwa dereva baadaye, huyo ni dereva anayekumbuka jinsi barabara inavyoonekana kutoka juu ya baiskeli.

KAZI HAIJAISHA

Waholanzi wenyewe hawasemi kwamba wamefika. Katika mwaka 2022 watu 745 walikufa barabarani katika nchi yao, na kati yao 291 walikuwa juu ya baiskeli, wengi wakiwa wazee. Idadi hiyo ilipita ya waliokufa ndani ya motokaa. Baiskeli za umeme zimewawezesha wazee kwenda mbali, lakini pia zimeongeza mwendo. Baiskeli ya umeme ya kawaida humsaidia mtu mpaka kilomita 25 kwa saa. Zile ziwezazo kufika kilomita 45, tangu mwaka 2017 zahesabiwa kuwa pikipiki ndogo, na mwenyewe sharti awe na namba, bima na kofia. Njia iliyochorwa kwa mwendo wa taratibu sasa yabeba wenye haraka na wasio na haraka, na halmashauri za miji zatafuta dawa yake.

Hata hivyo, ukilinganisha 3,264 na 745, na kukumbuka kwamba motokaa zimeongezeka mno tangu mwaka 1972, faida yaonekana waziwazi.

Mwananchi aishiye kando ya mji unaokua, mahali ambapo jana palikuwa na shamba la mahindi na leo pana vigingi vya wapima ardhi, ana neno la kuchukua kutoka Houten. Watu wa Houten hawakungoja mpaka nyumba zijengwe na lami imwagwe ndipo waulize mtoto atapita wapi. Swali hilo waliliuliza wakati ardhi ingali na miti ya matunda, na kuchora mstari juu ya karatasi hakukuwagharimu sana. Barabara ikiisha kujengwa, kuipanua kwa ajili ya baiskeli huwa ni kubomoa duka la mtu na ua wa mtu, na kesi hufuata. Kwa hiyo siku halmashauri inapotandaza ramani ya mtaa mpya mezani, mwenye baiskeli asikose kufika, na aulize mapema njia yake iko wapi.