Kutoka Baraza la Liwali Hadi Ofisi ya Mashtaka

Katika utoto wangu huko Pangani, kabla Tanganyika haijapata uhuru, mtu aliyetuhumiwa wizi alikamatwa na tarishi wa liwali, akafikishwa mbele ya liwali, akahukumiwa na liwali, na kama alitozwa faini, faini hiyo ilipokewa na karani wa liwali huyo huyo. Na shauri lilipozidi mamlaka yake lilipelekwa kwa Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mtawala wa wilaya, msimamizi wa kodi na hakimu kwa pamoja. Hatukuona ajabu. Wazee wetu walisema ya kwamba liwali yule alikuwa mtu wa insafu, na mimi naamini alikuwa. Lakini insafu ile ilikuwa sifa ya mtu, wala haikuwa sifa ya kiti alichokikalia, na alipokuja mwingine asiye nayo hapakuwa na njia ya kumzuia. Maisha yangu yote ya kazi yamepita katika kuushuhudia mkono ule mmoja, uliokamata, kushitaki na kuhukumu, ukigawanywa polepole hata kila sehemu ikapata mwenye nayo.

Mgawanyo wa kwanza niliuona nikiwa kijana wa shule. Mwaka 1964 sheria mpya ya mahakama za mahakimu ilipoanza kutumika, mahakama za maliwali na machifu ziliondoka, zikaja mahakama za mwanzo chini ya mahakimu walioajiriwa kwa kazi hiyo tu, na Kiswahili kikawa lugha ya kusikilizia mashauri humo. Hakimu kijana aliyeletwa kwetu hakuwa na kanzu ya joho wala jamaa mjini, na watu wazima walimdharau kwanza kwa umri wake. Ila baada ya kuona ya kwamba mtu mkubwa na mtu mnyonge waliitwa kwa majina yao na kusimama mahali pamoja, dharau iliyeyuka. Hapo ndipo nia yangu ya kusoma sheria ilipozaliwa.

Niliingia Chuo Kikuu, pale Mlimani, mwaka 1969. Kitivo cha Sheria ndicho kilichotangulia vitivo vyote vya chuo hicho, kwani kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, hata kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, na kwa miaka ya mwanzo vijana wa Kenya na Uganda waliotaka shahada ya sheria walikuja Dar es Salaam kuitafuta. Miongoni mwa waliosoma Mlimani zama zetu ni Willy Mutunga, ambaye mwaka 2011 alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Siku zile hapakuwa na somo liitwalo haki jinai. Tulisoma Kanuni ya Adhabu, tukasoma mwenendo wa mashauri, tukasoma sheria ya ushahidi, kila moja katika kitabu chake, kana kwamba polisi, mahakama na gereza ni visiwa vitatu visivyo na mashua kati yake. Lakini palikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa na desturi, kila tulipomletea hukumu tuliyoisoma, ya kutuuliza kwanza: “Nani aliyeandika hati ya mashtaka, na nani aliyempeleleza mtu huyu?” Aghalabu jibu lilikuwa kwamba ni watu wa ofisi moja, naye alinyamaza kidogo ili tulitafakari.

Katika somo la ushahidi ndipo jambo hili lilipodhihirika zaidi. Tangu mwaka 1920 hadi mwaka 1967 nchi yetu ilifuata Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, na sheria ile haikukubali kabisa ungamo alilolitoa mshitakiwa kwa polisi, kwa kuwa watungaji wake walijua ni yepi yanayoweza kumpata mtu katika chumba kilichofungwa. Baadaye Bunge letu lilifungua mlango, likaruhusu ungamo la hiari mbele ya askari wa cheo cha koplo na kuendelea. Sisi tulikuwa tukijadiliana mpaka usiku katika mabweni: ikiwa sheria ilikuwa na shaka na polisi anaposikiliza ungamo, ilikuwaje ikamwamini polisi huyo huyo asimame mahakamani kwa niaba ya Jamhuri, achague la kusema na la kuacha?

Tulipohitimu, njia zilikuwa chache na serikali ndiyo iliyotupangia. Mwenye shahada alikuwa hakimu mkazi, au wakili wa serikali chini ya Mwanasheria Mkuu, au alipelekwa katika Shirika la Sheria. Uwakili wa kujitegemea ulikuwa wa wachache. Kwenda polisi au magereza na shahada ya sheria lilikuwa jambo la kushangaza wazazi. Mwaka 1975 Julie Manning, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kusoma sheria Mlimani, aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria, na dada zetu waliokuwa bado vyuoni wakapata hoja ya kuwajibu wajomba waliodhani ya kwamba mahakama si mahali pa mwanamke.

Mimi nilipangiwa kuwa wakili wa serikali, na mawakili wa serikali tulikuwa haba mno kwa nchi kubwa kama hii. Sisi tulikwenda Mahakama Kuu kwa mauaji na uhaini. Mashauri mengine yote, yaani karibu kila jambo linalompata mwananchi wa kawaida, yalibaki mikononi mwa waendesha mashtaka wa polisi. Bado namwona inspekta mmoja wa wilaya ya bara, mtu mwema, suti yake ya kaki imepigwa pasi, amebeba chini ya kwapa majalada yaliyofungwa kwa ugwe. Shauri likiitwa, alisimama, akapiga saluti, akasema, “Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, naomba tarehe nyingine.” Hakimu akaandika. Mahabusu, ambaye alikuwa amesimama kwa matumaini, akaketi. Likaitwa la pili, maneno yakawa yale yale, na la tatu kadhalika. Nilipomwuliza kwa faragha kwa nini hakuyarudisha majalada kwa mpelelezi na kumwambia ama alete ushahidi ama mtu aachiliwe, alinijibu kwa upole kwamba mpelelezi yule alikuwa mkubwa wake kwa cheo. Neno hilo moja lilinifunza zaidi kuliko kitabu chochote, kwani hapakuwa na dhulma ya makusudi pale, palikuwa na mtu asiyeweza kumwamrisha mkubwa wake.

Na pengine mikono iliyokwisha kutenganishwa iliunganishwa tena. Mwaka 1983, bidhaa zilipoadimika madukani na hasira ya watu kupanda, ilipitishwa sheria ya uhujumu uchumi iliyoanzisha baraza maalumu nje ya mahakama za kawaida, bila dhamana na bila wakili wa utetezi. Nafahamu dhiki ya wakati ule, kwa maana nami nilipanga foleni ya sabuni. Lakini niliona, na sijabadili fikra, ya kwamba mtuhumiwa asiye na wa kumsemea amekwisha kuhukumiwa nusu. Serikali yenyewe ilitanabahi, na mwaka 1984 mashauri hayo yakarudishwa Mahakama Kuu chini ya sheria nyingine.

Tangu hapo mambo yakaenda mbele, japo kwa mwendo wa kobe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka kipimo cha saa 4 za kumhoji aliyekamatwa, zisiongezwe ila kwa utaratibu; nayo sheria ya mwaka 2008 ya usimamizi wa mashtaka ikaamuru kazi ya kushitaki iondoke taratibu kwa polisi na kushikwa na mawakili wa serikali walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, hata mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama peke yake. Maana yake katika wilaya ni hii: jalada la polisi sasa hufika mezani kwa kijana mwenye shahada ambaye hampigii saluti mpelelezi, naye huweza kuliandikia maelekezo na kulirudisha, au kukataa kulifikisha mahakamani. Sisemi kwamba mahabusu wamekwisha. Malalamiko yangalipo, na ndiyo sababu mwaka 2023 Rais Samia aliunda tume ya kuchunguza taasisi zote za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikizitazama kwa mara moja zile zilizokuwa visiwa katika ujana wetu.

Ajira nazo zimetanuka. Vijana wasomao leo huingia upelelezi kwa hiari yao, huingia TAKUKURU, huingia maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupima vinasaba, hujiunga na asasi za msaada wa kisheria, na wengine huenda magereza wakijua waendako. Mjukuu wa dada yangu alipomaliza chuo alikuja kwangu, akaamkia, akasema, “Babu, wenzangu wote wanataka uwakili, nami nataka probesheni, mama ananiambia nitapotea.” Nilimwambia mamaye amwache.

Wiki chache baadaye alinieleza kazi yake ya kwanza. Kijana mmoja alikuwa ametiwa hatiani kwa kuiba baiskeli, na hakimu, kabla ya kutoa adhabu, aliomba taarifa. Binti yetu alikwenda nyumbani kwao, akazungumza na bibi yake aliyemlea, akamwona mwenyekiti wa mtaa, kisha, na hili ndilo lililonifurahisha, akamtafuta mwenye baiskeli na kumwuliza anataka nini. Mwenye baiskeli alitaka chombo chake, na alikuwa amekwisha kukipata, basi hakutaka zaidi ila kijana asirudie. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu kubadili kifungo kisichozidi miaka 3 kuwa kazi ya manufaa kwa umma. Taarifa ilikuwa ya kurasa mbili, nami niliisoma yote: imetaja umri, shule, deni la bibi dukani, maneno ya mwenye baiskeli, na zahanati iliyokubali kumpokea kijana afyeke na kusafisha mitaro chini ya usimamizi wa mganga mfawidhi. Haikumtetea wala haikumlaani. Iliandikwa na mtu ambaye hakumkamata, hakumshitaki, wala hatamhukumu, na hakimu aliifuata.